Mwalimu Aliyefika Jioni

Kwa Wakipsigis, jina la kwanza husema saa. Mtoto akizaliwa mchana ni Kibet au Chebet. Akizaliwa ng'ombe wakirudi zizini ni Kiprotich au Cherotich. Giza likianza kuingia ni Kiplangat au Chelangat, usiku ukishakolea ni Kipkemoi au Chepkemoi, na mvua ikimpokea ni Kiprop au Cherop. Ukisoma rejista ya darasa lolote Bomet, ni kama unasoma saa ya ukutani.

Mgeni akija kukaa, naye hupewa jina. Alizaliwa saa ngapi hakuna anayejua, na hata yeye akijua, hizo ni saa za kwao. Kwa hivyo huhesabiwa saa aliyofika. Ndivyo kijana mmoja Mmarekani, aliyeshushwa na matatu Merigi Januari ya 1978 na sanduku moja la bati, alivyoitwa Kiplangat. Jua lilikuwa linazama.

"Lile jina lake lingine silikumbuki vizuri," shangazi aliniambia. "Lilikuwa na herufi nyingi za kukohoa."

Shangazi alikuwa anaingia kidato cha tatu mwezi huo. Kiplangat alimfundisha hesabu na fizikia miaka miwili, akaondoka, hakurudi tena. Nimemsumbua shangazi kuhusu mtu huyu tangu niligundue jambo moja. Ukitafuta habari za walimu wa kujitolea waliokuja Afrika Mashariki, utakosa wakati wa kuzimaliza. Kuna vitabu, barua, albamu za picha, stori za choo cha shimo na ugali wa kwanza. Zote zimeandikwa na waliokuja. Za wale waliowafungulia mlango ni za kutafuta kwa tochi. Kwani mtu anaweza kuzoea mahali bila wenyeji kufanya kazi ya kumzoesha?

*

Turudi nyuma kidogo tujue Kiplangat alitokea wapi.

Kenya ilipopata uhuru Desemba 1963, shule za sekondari zilikuwa 151 na wanafunzi wapatao 30,000. Nchi nzima! Shule za msingi zilikuwa 6,000 na ushee, zenye watoto karibu 900,000. Piga hesabu mwenyewe uone mlango wa sekondari ulivyokuwa mwembamba. Na huko ndani, walimu wengi walikuwa Wazungu walioletwa na serikali ya kikoloni, ambao sasa walikuwa wakifunga mizigo.

Miaka hiyo watu walikuwa wakipishana angani. Septemba 1959, ndege iliyopangwa na Tom Mboya na marafiki zake Marekani iliondoka Nairobi na wanafunzi 81 waliokuwa wanakwenda vyuo vya huko, na nyingine zikafuata. Wakati Wakenya wanakwenda kutafuta shahada, Wamarekani wenye shahada wakaanza kuja upande huu. Mwaka 1961 chuo cha Teachers College cha Columbia, New York, kilianzisha mpango wa walimu wa Afrika Mashariki. Zaidi ya Wamarekani 400 walikuja kwa mpango huo, wengi wakipitia Makerere kwanza, halafu wakatawanywa Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka huo huo, tarehe 1 Machi, Rais Kennedy alitia saini agizo la kuanzisha Peace Corps. Kundi la kwanza la Peace Corps lilifika Kenya 1964 ikielekea ukingoni.

Hawakuwa peke yao. Waingereza walikuwa na VSO, iliyoanzishwa na Alec Dickson na mkewe Mora mwaka 1958. Wajapani walianzisha shirika lao la vijana wa kujitolea 1965, na mwaka uliofuata tayari walikuwa Kenya. Masharti yalifanana: kijana, mara nyingi mwenye shahada ambayo wino wake haujakauka, miaka miwili, na posho ya kumwezesha kuishi kama majirani zake. Kufikia 2014, Peace Corps ilipowaondoa watu wake Kenya kwa sababu za usalama, zaidi ya Wamarekani 5,000 walikuwa wamepitia hapa.

Hiyo ndiyo historia inayojulikana. Sasa shuka Bomet mjini, chukua boda, twende Merigi.

*

Leo Merigi ni wadi katika eneobunge la Bomet Mashariki. Mwaka 1978 hakukuwa na kaunti wala wilaya ya Bomet. Yote ilikuwa Kericho hadi 1992, na Kericho kwa watu wengi ni chai. Ile chai ya wakulima wadogo, inayopelekwa kituoni kwa kikapu mgongoni na kulipwa na KTDA, ilikuwa bado ngeni, kwa sababu KTDA yenyewe ilianza 1964. Ile ya mashamba makubwa ilikuwa na umri wa nusu karne. Kampuni za Brooke Bond na James Finlay ziliingia huko miaka ya 1920.

Hapa kuna jambo ambalo sijaliona kwenye albamu za wajitoleaji. Kabla ya Kiplangat, Mzungu alikuwa amefika nchi ya Wakipsigis kwa sura tatu: askari, mmisionari, na meneja wa chai. Wa kwanza aliteka, wa pili alihubiri, wa tatu alipata ardhi. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria maalumu ya kuwahamisha watu wa ukoo wa Talai, viongozi wa kiroho wa Wakipsigis. Waliswagwa hadi Gwassi, upande wa Ziwa Viktoria, wazee, wanawake na watoto. Hasira hiyo haijapoa. Mwaka 2022 Watalai na Wakipsigis waliishtaki Uingereza katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya.

Waliokuwa vijana 1934 walikuwa bado hai 1978. Ndio waliokaa viti vya mbele kwenye baraza ya kumtambulisha mwalimu mpya. Shangazi anakumbuka mzee mmoja akiuliza swali moja tu, kwa Kikipsigis, naye mwalimu mkuu akakataa kulitafsiri. Mzee alitaka kujua, "Huyu amekuja kuchukua nini?"

Hakuna aliyemjibu. Nadhani jibu lilichukua miaka miwili kupatikana, na hata hivyo halikuwa jepesi.

*

Kwa nini kijiji chenye kumbukumbu kama hiyo kilimtaka Mzungu? Kwa sababu kilikuwa na shule isiyokuwa na walimu.

Tarehe 1 Juni 1963, Jomo Kenyatta aliwapa Wakenya neno harambee, na Wakenya wakalichukua wakajengea shule. Serikali ilikuwa na shule zake chache. Wazazi ambao watoto wao hawakupata nafasi huko walichanga, wakapasua mbao, wakaezeka mabati na kuandika jina la shule kwenye ubao kando ya barabara. Kufika miaka ya 1970, shule za harambee zilikuwa kila pembe. Kuta zilipatikana, lakini mwalimu aliyefuzu hachangiwi kama bati. Serikali ilipeleka walimu kwenye shule zake kwanza. Za harambee zilibaki na mwalimu mkuu, labda mmoja mwenye cheti, na wale walioitwa UT, walimu wasiopata mafunzo: vijana waliomaliza kidato cha nne jana na leo wameshika chaki.

Mjitoleaji, basi, alikuwa bahati. Hakulipwa na kamati ya shule. Kamati ilitakiwa kumpa nyumba tu.

Hiyo "tu" ndiyo ninayotaka tuitazame.

Nyumba ya Kiplangat ilikuwa na vyumba viwili, kuta za udongo zilizopigwa plasta ya saruji, na paa la mabati. Babu yangu alikuwa kwenye kamati. Pesa zilipopungua, alitoa mtamba mmoja auzwe. Mtamba yule alikuwa ametengwa kwa mahari ya mwanawe mkubwa. Baba mkubwa alioa mwaka mmoja baada ya siku aliyokuwa amepanga, na hadi leo ukitaja Marekani mbele yake, anauliza kama wamerudisha ng'ombe wake.

Wanawake walikandika kuta. Wanafunzi walibeba maji kutoka mtoni, zamu kwa zamu, ndoo mbili kwa siku, kwa sababu mtu wa kufundisha saa nane kutwa hawezi pia kushinda mtoni. Mtu mmoja akaleta kitanda, mwingine jiko la mafuta ya taa, mwingine chemli yenye kioo kilichopasuka. Yote haya yalifanyika kabla ya matatu kumshusha jioni ile. Alipofungua mlango, akakuta nyumba iko tayari, na bila shaka aliona ni nyumba ya kimaskini sana. Ilikuwa mojawapo ya nyumba tatu zenye bati pale.

*

Wiki za kwanza zilikuwa sinema, na watazamaji walikuwa wengi. Watoto walijipanga dirishani kumwona akinyoa ndevu. Alipofunga pazia, wakahamia mlangoni.

Kisha lugha. Peace Corps ilikuwa imemfundisha Kiswahili kabla ya kumleta kijijini, na alikishika si vibaya. Shida ni kwamba Merigi ya 1978, Kiswahili kilikuwa lugha ya sokoni, ya askari na ya kambi za chai. Bibi akikusalimu njiani anasema "Chamgei." Kiplangat, kwa heshima zote, akajibu "Sijambo." Watoto walianguka chini kwa kucheka. Ni shangazi na rafiki yake waliomfundisha njiani kutoka darasani: "Sema Chamgei mising." Na ukipewa kitu: "Kongoi." Wanafunzi wa kidato cha tatu walikuwa walimu wa lugha wa mwalimu wao, bila mshahara wala cheti.

Kisha mursik. Kwa asiyejua, haya ni maziwa yanayogandishwa ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa makaa ya mti wa senetwet. Yakimiminwa yana rangi ya kijivujivu ya majivu. Mgeni wa heshima hupewa, na mgeni wa heshima hunywa. Siku ya kwanza Kiplangat alikunywa kikombe kizima macho yamefumbwa, kama mtu anayekunywa kwinini. Kikombe kikajazwa tena. Aki, hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba ukimaliza haraka, unaonekana umependa.

Mwezi wa tatu aliugua tumbo. Bibi yangu alimpelekea uji wa wimbi siku nne mfululizo, halafu akapakiwa kwenye pikapu ya mnunuzi wa mahindi hadi hospitali ya misheni ya Tenwek. Aliporudi, alikuta mtu amemfulia shuka. Hakujua nani, na hakuna aliyemwambia.

Ukiisoma stori hii katika barua alizotuma kwao, nadhani utakuta sentensi kama "polepole nimeanza kuzoea." Ni kweli, alizoea. Lakini ihesabu hiyo polepole uone ina watu wangapi ndani.

Sisemi hakutoa kitu. Alitoa. Shangazi anasema hajawahi kumwona mtu akifurahia hesabu vile. Alirusha mawe kutoka juu ya mti kueleza kasi. Alikaa na wasichana jioni, chemli katikati ya meza, kwa sababu mchana walikuwa na kazi za nyumbani ambazo wavulana hawakuwa nazo. Katika darasa la wasichana saba, watano walipasi hesabu kidato cha nne, na kabla yake shule haikuwa imepata hata mmoja.

Na alikosea pia, kwa wema. Muhula wa pili, mvulana mmoja alifukuzwa karo. Kiplangat akamlipia kimyakimya. Kesho yake alfajiri, wazazi saba walikuwa mlangoni pake. Hakuwa na pesa za saba. Aliyemlipia akawa adui wa wenzake, na mwalimu mkuu akalazimika kuzunguka boma kwa boma akituliza watu. Kijiji kilikuwa na utaratibu wake wa karo: unalipa kwa mahindi, kwa kibarua, kwa bonasi ya chai ikifika. Ulikuwa wa taabu, ila kila mtu alijua amesimama wapi. Pesa ya mgeni, hata ikiwa kidogo, iliwahamisha watu wote kwenye nafasi zao.

*

Mashaka juu ya watu hawa hayakuanza Merigi. Oktoba 1961, Peace Corps ikiwa na miezi michache tu, mjitoleaji mmoja huko Ibadan, Nigeria, aliandika postikadi kwa rafiki yake akieleza hali ya maisha aliyoikuta mjini, kwa maneno ambayo hangemwambia mwenyeji usoni. Kadi ilianguka mikononi mwa wanafunzi wa chuo kikuu. Wakaisambaza, wakaandamana, naye akarudishwa kwao. Kosa lake lilikuwa dogo na la kibinadamu, lakini lilifichua jambo kubwa: waliokuwa wakielezwa walikuwa wanajua kusoma.

Mwaka 1967, jarida la Transition la Kampala lilichapisha makala ya Paul Theroux, aliyekuwa mjitoleaji Malawi kabla ya kuja kufundisha Makerere. Aliiita "Tarzan is an Expatriate". Hoja yake ni kwamba Mzungu anayekaa Afrika hupewa ufalme asioufanyia kazi, kwa rangi yake tu, na wengi hawaukatai. Mwaka uliofuata padri Ivan Illich aliwaambia vijana Wamarekani waliokuwa wakijitolea Mexico wakae kwao. Na Tanzania, iliyokuwa imetangaza Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, iliachana na Peace Corps 1969. Haikuwapokea tena hadi 1979.

Nikimsomea shangazi hoja hizi, husikiliza kwa makini, halafu husema zote ni za kweli na bado hazimhusu. Anachokumbuka yeye si Tarzan. Ni kijana wa miaka 23 aliyelia siku barua ya kifo cha nyanya yake ilipofika wiki tatu baada ya mazishi, na akina mama wakaja kukaa naye kama wanavyokaa na mfiwa yeyote.

Kuna mwalimu mwingine ambaye hunijia akilini hapa. Carey Francis aliacha kazi ya chuo kikuu Cambridge, akaja Maseno 1928, akawa mkuu wa Alliance kuanzia 1940 hadi 1962. Alikuwa mkali, na waliopita mikononi mwake wana mengi ya kumlaumu. Lakini alipostaafu hakurudi kwao. Alikwenda Pumwani, Nairobi, akawa mwalimu wa kawaida wa sekondari chini ya mkuu mwingine hadi kifo chake 1966. Simtaji ili kumtakasa. Ninamtaja kwa sababu ya muda. Kujitolea kunapimwa pia kwa kalenda, na hapo ndipo hesabu ya Merigi inaponikaa kooni.

*

Desemba 1979, Kiplangat alichinjiwa mbuzi, akapewa blanketi na kibuyu cha mursik, akapanda matatu. Miaka miwili imekwisha. Shangazi alikuwa ndiyo kwanza amemaliza mtihani wa kidato cha nne. Januari 1980 shule ilifungua bila mwalimu wa hesabu. Mjitoleaji mwingine hakuletwa. Mwalimu mkuu alimwendea babu nyumbani.

Shangazi alikuwa na miaka 18. Alipewa kipande cha chaki na daftari ambalo Kiplangat aliliacha, lenye masomo yote yaliyopangwa vizuri, wiki kwa wiki. Alifundisha kwa daftari lile kama mtu anayesoma msahafu. Hakuwa na mafunzo, na tangu siku ile akawa UT.

Sasa sikiliza. Lile daftari lilikuwa la hesabu za kisasa, zile za seti na miviringo inayopandana, zilizoingia Afrika Mashariki miaka ya 1960 kutoka Marekani na Uingereza na kuandikiwa vitabu Entebbe. Mwaka 1981 Kenya ilizifuta. Wazazi walikuwa wamelalamika, walimu walikuwa hawazielewi, serikali ikasema basi. Kwa hivyo baada ya mwaka mmoja tu urithi wote wa Kiplangat ulikuwa karatasi. Shangazi alijifunza upya, peke yake, usiku, kwa vitabu alivyoazima Kericho mjini, ili asiwe nyuma ya wanafunzi wake kwa zaidi ya kurasa kumi.

Alifanya hivyo miaka sita. Alilipwa karo zikiingia. Muhula wa njaa, 1984, alilipwa magunia mawili ya mahindi na ahadi. Hakuwa na shirika la kumpeleka hospitali akiugua, wala tarehe ya kuondoka. Hakuna aliyemjengea nyumba, kwa sababu alikuwa na kwao. Mwaka 1986 alipata nafasi ya chuo cha ualimu, na 1988 akaajiriwa na tume ya walimu, shule ya msingi hapo karibu. Alistaafu 2021.

Nilimuuliza kama miaka ile sita alijiona mjitoleaji. Alinitazama kama nimeuliza kwa Kichina.

"Mjitoleaji ni yule anayeweza kwenda kwao," alisema. "Mimi nilikuwa kwetu. Ningekwenda wapi?"

Hapo ndipo maana mbili za neno moja zilinitokea wazi. Tunapomwambia mtu "mwalimu wa kujitolea", macho yetu humtafuta aliyetoka mbali. Lakini shule za harambee hazikusimamishwa na waliotoka mbali. Zilisimamishwa na UT, maelfu yao, wasichana na wavulana wa kidato cha nne waliofundisha walichokuwa wanakumbuka. Historia haikuwapa jina kwa sababu hawakufika saa yoyote. Walikuwepo tu.

*

Nilikwenda Merigi mara ya mwisho Juni 2024. Ndiyo, Juni ile. Nairobi ilikuwa inawaka, na mathe alitaka nitoke mjini kidogo.

Ile nyumba ya Kiplangat bado ipo. Plasta imebanduka upande wa mvua, bati limebadilishwa mara moja. Niliikuta na mtu. Kijana wa Bungoma, mwalimu wa sekondari ya chini, mwanagenzi. Kama hukufuatilia, hawa ndio walimu ambao serikali iliwaajiri kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato, wakiwa na vyeti vyote na mzigo wote wa kazi. Aprili 2024 Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ilisema walichofanyiwa kinakiuka haki zao. Wakagoma, wakaandamana wiki baada ya wiki wakitaka ajira ya kudumu, ambayo maelfu yao walikuja kuipata Januari 2025. Lakini Juni hiyo hakuna aliyejua itakuwaje. Yeye alikuwa amerudi darasani shingo upande, na mshahara wa Mei ulikuwa haujaonekana.

Aliniambia miezi ya kwanza ilikuwa ngumu kuliko alivyotarajia. Baridi ya huku si mchezo. Watu wakicheka, hajui wanacheka nini. Akisalimu kwa Kiswahili anajibiwa, kisha stori inaendelea kwa Kikipsigis, naye anabaki kama mtu aliyekuja kwenye harusi isiyo yake. Mursik alikunywa mara moja. Kutoka Bungoma hadi Merigi hakuna bahari ya kuvuka, lakini ugeni haupimwi kwa kilomita.

"Wanakuitaje hapa?" nikamuuliza.

Akatabasamu. "Kibet. Nilifika mchana."

Jua lilikuwa limeanza kushuka wakati shangazi alipotokea kwenye njia, polepole, goti lake la kushoto halimsaidii siku hizi. Alikuwa na chupa ya maziwa ya lita moja. Alimpa yule kijana, akamwambia kitu kwa Kikipsigis, naye akajibu "Kongoi" kwa lafudhi ya Kibukusu iliyomfanya shangazi acheke hadi akashika ukuta.

Njiani kurudi nikamuuliza huwa anamuuzia pesa ngapi.

"Nimeandika mahali," alisema.

Nilikaa kwake siku tano. Sikuona daftari.